Kisanduku cha Mlangoni: Historia Fupi ya Mitandao ya Mawasiliano Mjini Lubumbashi, Kutoka Telegrafu hadi Ruta ya Nyumbani

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu chombo kidogo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za Lubumbashi katika miaka ya karibuni, nacho ni ruta: kile kisanduku chenye taa, na pengine antena mbili au tatu, kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawia simu, kompyuta na televisheni zilizomo ndani. Huenda msomaji akauliza chombo cha namna hiyo kinatafuta nini katika kurasa za taaluma za Kiswahili. Jibu letu ni kwamba kisanduku hicho kina historia, na historia hiyo ni sehemu ya historia ya mji wetu. Tena, kinahitaji lugha ya kukielezea, na lugha ambayo watu wengi wa mji huu huitumia nyumbani ni Kiswahili.

Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mjini na kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville kama ilivyoonekana na watu waliofanya kazi ndani ya nyumba za Wazungu. Johannes Fabian aliichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Andiko lile lilitufundisha kwamba historia ya mji huu yaweza kuandikwa kutoka ndani ya nyumba, si kutoka katika majalada ya kampuni na ya serikali peke yake. Nasi katika makala haya tutajaribu kuitazama historia ya mitandao tukiwa tumesimama mahali hapohapo, yaani kwenye mlango wa nyumba.

Hoja yetu ni hii. Mitandao mikubwa iliyofika Lubumbashi tangu mwaka 1910 ilikuja kwanza kwa ajili ya mgodi, reli na ofisi. Nyumba ya mtu wa kawaida ilifikiwa mwisho. Nayo ilipofikiwa, ilipewa chombo bila kupewa maarifa yake. Ndiyo maana taa ya kisanduku inapogeuka nyekundu, mwenye nyumba hana la kufanya ila kumngoja fundi. Tutaonyesha kwamba maarifa ya kukiweka na kukitengeneza chombo hicho si ya ajabu, kwamba yanafuata mpangilio unaofanana na mpangilio wa historia yenyewe, na kwamba yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili.

2. Nyaya zilizofuata shaba, 1910–1963

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, karibu na mgodi wa Étoile, katika mwaka uleule ambao reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia na Sakania, iliwasili. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Kwa hiyo mji ulizaliwa ukiwa umeelekea kusini: mashine, vyakula, barua na habari vilitoka upande wa Rhodesia na Afrika ya Kusini. Boma, iliyokuwa makao makuu ya koloni wakati huo, ilikuwa mbali sana, kwenye mlango wa mto Kongo.

Umbali huo uliwatia wasiwasi watawala wa Kibelgiji, maana Katanga ingeweza kuwaponyoka. Basi kati ya mwaka 1911 na 1913, kwa msaada wa Mfalme Albert wa Kwanza na chini ya uongozi wa mhandisi Robert Goldschmidt, vilijengwa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka pwani ya Atlantiki hadi Elisabethville, kwa kufuata mto na kupitia miji kama Kindu na Kongolo. Mitambo ya wakati ule haikuweza kurusha ujumbe mara moja kutoka Boma hadi Katanga. Kituo kimoja kiliupokea, mwendeshaji akauandika, kisha akaurusha kwenda kituo cha pili, na hivyo hivyo mpaka ukafika. Radi za msimu wa mvua ziliweza kuvuruga usikivu, na kituo kimoja kikinyamaza, mnyororo wote ulisimama.

Tunamwomba msomaji aishike akilini sura hiyo ya mnyororo, kwa kuwa ndiyo tutakayoirudia mbele. Ujumbe haurukii mwisho wa safari. Unapokelewa, unasomwa anwani yake, na kupelekwa hatua inayofuata. Na swali la mwendeshaji wa mwaka 1913, aliposubiri jibu lisilokuja, ndilo swali la mwenye ruta wa leo: mnyororo umekatika wapi?

Mtandao huo haukuwa wa nyumbani hata kidogo. Ulibeba amri za serikali na habari za kampuni. Simu ya waya iliyofuata ilikuwa chombo cha ofisi, cha mgodi, cha reli na cha nyumba za wakubwa. Mtumishi wa nyumbani aliweza kuisikia ikilia mezani kwa bwana wake, lakini jioni aliporudi kwake Kamalondo au Kenya, habari zake zilisafiri kwa mdomo, kwa barua na kwa treni.

Mitandao hiyo ilikuwa pia suala la mamlaka, na jambo hilo lilidhihirika wakati wa kujitenga kwa Katanga, kulikotangazwa tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963. Tarehe 13 Septemba 1961, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoanza kushambulia mjini Elisabethville, miongoni mwa shabaha zao za kwanza zilikuwa ofisi ya posta na jengo la redio. Damu ilimwagika kwa ajili ya majengo ambayo ndani yake mlikuwa na nyaya na mitambo ya sauti. Anayeshika mahali ujumbe unapopita hushika kitu kikubwa.

3. Kunyamaza kwa waya na kuja kwa simu ya mkono

Baada ya uhuru, na baada ya mji kubadilishiwa jina mwaka 1966, mitandao iliendelea kufuata shaba. Mfano ulio wazi ni wa umeme. Njia ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 ili kulisha migodi ya kusini; ikapita juu ya vijiji vingi visivyoona hata taa moja kutokana nayo.

Shaba ilipoanguka, nyaya nazo zilianguka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa takriban tani 30,000 tu mwaka 1994. Uporaji wa mwaka 1991 uliharibu maduka na ofisi, na nyaya za shaba zenyewe zikawa bidhaa ya wezi. Simu za waya za shirika la serikali zilinyamaza moja baada ya nyingine. Hapa tunaona jambo la kusikitisha: nchi iliyochimba shaba iliyotumika kutengeneza nyaya za dunia ilikuwa imebaki bila waya wa kuzungumzia.

Wananchi hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1990 vilienea vibanda vya foni, yaani redio za masafa marefu zilizounganisha miji na hata vijiji. Mtu alilipa, akangoja zamu, kisha akazungumza na jamaa yake wa mbali mbele ya masikio ya wote waliokuwapo. Foni haikuruhusu watu wawili kusema pamoja. Ilibidi kila mmoja amalize na kumwachia mwenzake nafasi. Hakukuwa na siri, lakini watu waliarifiana misiba, ndoa na bei za unga.

Simu ya mkono ilikuwa imeanza Kinshasa na kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986, lakini ilikuwa ghali mno, chombo cha mawaziri na matajiri. Mambo yalibadilika Celtel ilipofika mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Oktoba mwaka huohuo wa 2002 zilitolewa sheria mbili, moja ya mawasiliano na nyingine ya kuunda mamlaka ya kuyasimamia, ARPTC. Katika muda mfupi fundi, mama muuzaji na mwanafunzi wakawa na namba zao wenyewe. Kwa mara ya kwanza mtandao ulimfuata mtu, si mgodi.

Intaneti ilichukua njia ndefu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipatikana katika saiba zilizotumia satelaiti. Satelaiti za namna ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa sababu hiyo kila swali na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde angani peke yake. Mwaka 2013 Kongo iliunganishwa rasmi na kebo ya baharini ya WACS huko Muanda, lakini Muanda iko upande wa pili wa nchi. Lubumbashi, kama mwaka 1910, ilitazama kusini tena: nyaya za nuru ziliingia kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, karibu sawa na njia ya reli. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kampuni ya Liquid ikatangaza njia inayovuka Kongo na kuunganisha nyaya za Afrika ya Mashariki na pwani ya Atlantiki. Mwaka 2018 kampuni za simu zilikuwa zimeanza huduma ya kizazi cha nne, na mwaka 2025 ARPTC iliipa kibali huduma ya satelaiti ya Starlink, baada ya kuonya mwaka uliotangulia kwamba ilikuwa haijaruhusiwa.

Kwa hiyo nyumba ya Lubumbashi leo yaweza kufikiwa kwa njia nne: kadi ya simu iliyowekwa ndani ya kisanduku, antena ya redio juu ya paa, waya wa nuru, au sahani ya satelaiti. Njia ni nne, lakini zote huishia mahali pamoja: kwenye ruta.

4. Ruta ilitoka wapi na hufanya nini

Wazo la ruta ni la mwishoni mwa miaka ya 1960. Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza walikuwa wamependekeza, kila mmoja kwa njia yake, kwamba ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani, na vipande visafirishwe kwa njia yoyote iliyo wazi. Vipande hivyo huitwa pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA, mjini Los Angeles, ilijaribu kuituma ile ya taasisi ya utafiti ya Stanford neno la amri la herufi tano. Herufi mbili zilifika, kisha mtambo ukazimika. Kosa lilitafutwa, na baada ya saa moja hivi neno zima likapita. Kwa hiyo historia ya mitandao na historia ya kutafuta kosa zilizaliwa usiku mmoja.

Kati ya kompyuta hizo kulikuwa na mashine za kupitisha pakiti, kubwa kama kabati. Hizo ndizo mababu wa ruta. Vint Cerf na Robert Kahn walieleza mwaka 1974 namna ya kuunganisha mitandao ya aina mbalimbali, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao ule ulihamia kwenye kanuni zao. Kampuni ya Cisco, iliyoanzishwa mwaka 1984, iliifanya ruta kuwa bidhaa ya vyuo na makampuni.

Ili ruta iingie nyumbani, mambo mawili yalihitajika. La kwanza lilikuwa anwani. Kanuni za mwaka 1983 zinatoa anwani bilioni 4.3 hivi, ambazo hazitoshi. Mwaka 1994 ulielezwa utaratibu uitwao NAT, unaowezesha nyumba nzima kutumia anwani moja ya nje, na zikatengwa anwani za ndani, zikiwemo zile zinazoanza na 192.168, ambazo kila nyumba duniani inaweza kuzitumia bila kugongana na nyumba nyingine. Waswahili wangeelewa upesi kwa mfano wa sanduku la posta: chuo kina namba moja ya sanduku, lakini ndani yupo karani anayejua barua ipi ni ya nani. Ruta ndiyo karani huyo. Jambo la pili lilikuwa mawimbi ya karibu: kanuni za Wi-Fi zilitolewa mwaka 1997, na jina hilo likaanza kutumika mwaka 1999.

Basi ndani ya kisanduku kimoja mna kazi nne zilizokuwa za vyombo mbalimbali: kuwasiliana na nje, kugawa anwani za ndani, kupitisha pakiti kati ya ndani na nje, na kurusha mawimbi ya Wi-Fi. Watu wengi husema "Wi-Fi imekatika" kwa maana ya kazi yoyote kati ya hizo. Hapa lugha inaficha kosa. Wi-Fi yaweza kuwa nzima kabisa huku njia ya nje ikiwa imekufa, na kinyume chake pia ni kweli.

5. Kuiweka ruta na kulitafuta kosa

Katika kuiweka ruta, la kwanza ni mahali. Iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati au ukutani, mbali na friji na mabati, kwa sababu chuma huzuia mawimbi na ukuta wa zege huyadhoofisha. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali na kupenya kuta, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini yanayochoka upesi. Anayekaa chumba cha mbali achague ya kwanza.

La pili ni umeme. Katika mji wenye mgawo wa umeme, ambao wenyeji huuita delestaji, ruta haiuawi na giza bali na umeme unaporudi kwa kishindo. Kizuizi cha mshtuko wa umeme, au betri ndogo, ni sehemu ya ruta katika mji wetu, si pambo. Wakati wa radi, ni heri kuchomoa waya wa umeme pamoja na waya unaoshuka kutoka kwenye antena ya paa.

La tatu ni matundu. Tundu la waya unaotoka nje huwa limetengwa na mengine, mara nyingi kwa rangi yake. Hayo mengine ni ya vyombo vya ndani. Makosa mengi ya siku ya kwanza ni waya uliochomekwa tundu lisilo lake.

La nne ni funguo. Chini ya ruta kuna karatasi iliyobandikwa, nayo hutaja anwani ya ukurasa wa mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anwani hiyo ikiandikwa katika kivinjari cha simu au cha kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, ukurasa hufunguka. Funguo ni mbili, wala zisichanganywe: neno la siri la Wi-Fi, ambalo mgeni anaweza kupewa, na neno la siri la mipangilio, ambalo mwenye nyumba asimpe mtu ovyo. Hili la pili libadilishwe siku ya kwanza, maana lile la kiwandani linajulikana na wote. Ulinzi wa Wi-Fi uwe WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulithibitishwa kuwa dhaifu tangu mwaka 2001. Kisha yote yaandikwe katika daftari la nyumba. Nyumba ambayo funguo zake anazijua fundi peke yake si nyumba yenye ruta. Ni ruta ya fundi iliyowekwa katika nyumba ya mtu.

Tukija kwenye kutafuta kosa, tunarudi kwenye mnyororo wa Goldschmidt. Kosa hutafutwa kituo kwa kituo, kuanzia karibu kwenda mbali, kwa maswali matano.

Swali la kwanza: je, umeme upo? Taa ya umeme imewaka, na chaja ni ile iliyokuja na ruta? Chaja ya nguvu ndogo huwasha taa lakini ruta huzimika na kuwaka bila mpango.

Swali la pili: je, chombo kimeifikia ruta? Tuijaribu ruta kwa waya, au kwa kusimama karibu nayo. Ikiwa ukurasa wa 192.168.1.1 unafunguka kwa Wi-Fi, upande wa ndani ni mzima, na hatuna haja ya kuilaumu Wi-Fi.

Swali la tatu: je, chombo kimepewa anwani? Anwani inayoanza na 169.254 ni ishara kwamba kompyuta ilijipa anwani yenyewe baada ya kukosa wa kuipa. Kosa basi liko kwa mgawaji.

Swali la nne: je, ruta imeifikia dunia? Amri ya ping, iliyotungwa na Mike Muuss mwaka 1983, hutuma pakiti ndogo na kungoja mwitikio, kama mtu anayepiga hodi. Tukipiga hodi 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya majina ya Google, tukajibiwa, basi njia ya nje iko wazi. Kimya hapo hutuambia tuanze kutazama upande wa nje, kuanzia salio na antena hadi kwa mtoa huduma.

Swali la tano: je, majina yanatafsirika? Ikiwa namba inajibu lakini jina la tovuti halijibu, kosa liko kwenye huduma ya majina, nayo hurekebishwa katika ukurasa wa mipangilio.

Kanuni moja iyatawale yote hayo: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tazama. Anayebadilisha vitatu pamoja huenda akapona, lakini hatajua dawa ilikuwa ipi. Kitufe cha kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani kiwe cha mwisho kabisa, kwa sababu hufuta na yale yaliyokuwa sahihi.

Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa kuumia. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilikuwa hakipati mawimbi. Akanunua ruta ya pili, akaiunganisha na ya kwanza kwa waya, kupitia matundu ya ndani ya zote mbili, akaiacha kama ilivyotoka kiwandani. Tangu jioni ile kompyuta moja ilipata intaneti na nyingine ikakosa. Baada ya muda mambo yakageuka. Siku tatu mtoa huduma alilaumiwa kwa simu bila kosa lake. Kumbe ruta zote mbili zilijiita 192.168.1.1, na zote mbili ziligawa anwani, kila chombo kikamfuata aliyejibu kwanza. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa ilikuwa kuipa ya pili anwani nyingine, 192.168.1.2, na kuizima kazi yake ya kugawa anwani, ili ibaki kurusha mawimbi tu. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Siku tatu zilizotangulia zilikuwa gharama ya kutojua.

6. Kosa lisilo la nyumba

Maswali matano yakijibiwa vema, mwenye nyumba anaweza kusema kwa uhakika kwamba kosa liko nje. Uhakika huo una thamani kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu si kila kunyamaza ni hitilafu ya mitambo. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa amri. Mwishoni mwa Desemba 2017 ilikatwa tena. Na baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ilifungwa kwa takriban siku 20, hadi ilipofunguliwa mnamo Januari 2019.

Katika siku kama hizo, asiyejua kutafuta kosa huzima na kuwasha kisanduku chake mara mia, hulipa fundi, hununua kipya, na hujilaumu. Anayejua hupiga hodi, huona kwamba ukurasa wa ndani unafunguka, salio lipo, antena ni nzima, na nyumba ya jirani mwenye mtoa huduma mwingine imenyamaza vilevile. Basi huelewa kwamba mnyororo umekatwa na mkono wa mtu. Ni tofauti kati ya bahati mbaya na jambo ambalo mwananchi ana haki ya kuliulizia. Waliopigania ofisi ya posta mwaka 1961 waliujua uzito wa mahali ujumbe unapopita. Siku hizi sehemu ndogo ya mahali hapo imehamia ndani ya nyumba zetu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba telegrafu ya 1913, njia ya umeme ya 1982 na nyaya za nuru za karne hii ziliifuata shaba au mamlaka, na kwamba nyumba ilifikiwa mwisho. Tumeona pia kwamba kazi ya kutafuta kosa haijabadilika katika asili yake: ni kufuata mnyororo kituo kwa kituo mpaka mahali panaponyamaza.

Kilichobaki ni kazi yetu sisi wa lugha. Maelezo yanayokuja ndani ya boksi la ruta kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa au kwa Kichina. Msamiati wa Kiswahili upo, ila umetawanyika. Watanzania huiita njia kuu ya nyaya za nuru "mkongo", neno ambalo kwa msomaji wa Kongo linachekesha kidogo. Wengine husema "nywila" pale ambapo sisi husema "neno la siri". Na mjini kwetu "rezo" limekwisha kukaa vinywani kuliko "mtandao". Hatudhani kwamba neno moja lazima liyafukuze mengine. Tunadhani kwamba lazima yaandikwe, yalinganishwe, na yatumiwe katika maelezo ambayo mama mwenye nyumba huko Katuba au Ruashi ataweza kuyasoma taa inapogeuka nyekundu.

Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wa idara zetu watalichukua jambo hili kama mada ya utafiti: kukusanya maneno ambayo mafundi na wenye nyumba wa Lubumbashi wanayatumia kwa kila tundu, kila taa na kila kosa, na kutunga kutokana nayo mwongozo wa kurasa chache. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, masikio, na kupiga hodi nyumba kwa nyumba.